Muswada wa maneno 41,000 uliorefushwa hadi 86,000: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwandishi wa kisa hiki alimaliza riwaya yake ya kwanza ikiwa na maneno 41,000. Aliipenda. Watu wake wa karibu waliisoma wakaipenda pia, na mmoja wao, mwenye uzoefu kidogo wa mambo ya vitabu, akamwambia neno lililomwondolea usingizi: hakuna mchapishaji atakayegusa riwaya iliyo chini ya maneno 80,000. Akarudi mezani. Alipomaliza mara ya pili muswada ulikuwa na maneno 86,000, na wachapishaji wawili waliopelekewa waliurudisha. Wa kwanza hakutoa sababu. Wa pili aliandika sentensi moja tu, kwamba hadithi inaanza vizuri na inachosha kuanzia katikati.

Ndipo aliponiandikia. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kujua nipunguze wapi au niongeze wapi. Nimefika mahali sijui tena riwaya inatakiwa iwe ndefu kiasi gani." Aliniambatanishia matoleo yote mawili, jambo ambalo waandishi wengi hawafanyi kwa sababu huwa wameshalifuta la kwanza. Bila lile la kwanza nisingekuwa na cha kulinganisha.

Amekubali nikieleze kisa chake mradi nisimtaje yeye wala kitabu. Nakieleza kwa sababu swali lake ndilo linaloulizwa zaidi na waandishi wapya, na wengi hutaka wapewe namba. Namba ipo, nami nitaitoa. Lakini katika kisa hiki namba ndiyo iliyoharibu mambo, kwa kuwa ilitangulia kabla hadithi yenyewe haijapimwa.

Hadithi inabeba nini

Msimulizi ni mkalimani wa mahakama. Anadaiwa, na anayemdai ana maslahi katika kesi iliyo mbele ya hakimu. Siku ya ushahidi, mshtakiwa anasema hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile. Mkalimani anamwambia hakimu kuwa mshtakiwa amesema hakumbuki kama aliingia. Hapo kesi inageuka, mtu anafungwa. Riwaya inakwenda kuanzia siku hiyo hadi rufaa inaposikilizwa.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba aniambie kwa sentensi moja msomaji anangoja kujua nini. Alijibu papo hapo: "Kama atasema kweli kabla ya rufaa." Mwandishi anayejibu upesi namna hiyo ana hadithi mkononi, na jibu lake ni kipimo pia. Riwaya hii ina swali kuu moja. Ina msimulizi mmoja wa nafsi ya kwanza, kwa hiyo hatuingii kichwani mwa mtu mwingine yeyote. Muda wake ni miezi michache. Mandhari yake ni mahakama, nyumba ya msimulizi na gereza. Na ulimwengu wake ni huu tunaoujua sote. Hakuna himaya ya kubuni ambayo msomaji lazima afundishwe sheria zake na historia yake.

Mambo hayo manne (maswali, macho yanayosimulia, muda na ulimwengu) huamua urefu wa riwaya kuliko nia ya mwandishi. Ukiongeza msimulizi wa pili, naye anadai kutambulishwa, kupewa anachokitaka, kuzuiwa, na kufikishwa mahali. Hadithi ya vizazi vitatu vya ukoo mmoja inahitaji kurasa za kuvuka miaka, na kila kizazi kinakuja na watu wake. Hadithi ya upelelezi yenye washukiwa sita haiwezi kuwa fupi sana, kwa sababu kila mshukiwa lazima apewe nafasi ya kutosha ili tumshuku kweli. Mshukiwa aliyetajwa mara mbili tu hamdanganyi msomaji yeyote. Anayebuni ulimwengu mpya ana mzigo mkubwa kuliko wote, kwani hata safari ya kawaida kutoka mji mmoja hadi mwingine inamtaka aeleze barabara, chombo cha kusafiria na hatari za njiani.

Hadithi ya mkalimani haina mizigo hiyo. Kwa umbo lake pekee, kabla ya kusoma ukurasa hata mmoja, ningeikadiria kati ya maneno 45,000 na 65,000. Toleo la kwanza lilikuwa chini kidogo ya hapo. Toleo la pili lilikuwa juu mno.

Ile 80,000 ilitoka wapi

Aliyemshauri hakuibuni namba hiyo. Katika soko la vitabu vya Kiingereza, hasa Marekani na Uingereza, waandishi wapya wa riwaya za watu wazima huambiwa walenge maneno 80,000 hadi 100,000. Wanaoandika bunilizi za kisayansi au za ulimwengu wa ajabu huvumiliwa hadi 120,000 hivi. Huo ni ushauri wa biashara, unaotoka kwa mawakala na wahariri wanaojua rafu zao, gharama zao na mazoea ya wanunuzi wao. Kwa anayewapelekea watu hao muswada wa Kiingereza, ni ushauri mzuri na aufuate. Rafiki yetu aliandika kwa Kiswahili, kwa wachapishaji wa Kiswahili.

Ukitafuta mpaka wa kifasihi, namba inashuka sana. E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, alichukua maneno 50,000 kuwa mahali riwaya inapoanzia, akaendelea na mambo yake. Tuzo za Hugo na Nebula za bunilizi za kisayansi huhesabu riwaya kuanzia maneno 40,000. Kuanzia 17,500 hadi kabla ya hapo ni novela, yaani riwaya fupi. Lile zoezi la kuandika riwaya ndani ya mwezi wa Novemba, lililoanza Marekani mwaka 1999, liliwawekea washiriki lengo la maneno 50,000, yaani 1,667 kwa siku. Kwa kipimo cha tuzo hizo, muswada wa kwanza wa rafiki yetu ulikuwa riwaya tayari.

Wala tusidhani kwamba zamani urefu uliamuliwa na sanaa peke yake. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na maktaba za kuazimisha vitabu kwa ada, maarufu kuliko zote ikiwa ya Mudie, na maktaba hizo zilipenda riwaya ya juzuu tatu, kwa kuwa kitabu kimoja kiliweza kusomwa na wateja watatu kwa wakati mmoja. Waandishi wakajifunza kurefusha ili juzuu ya tatu ijae. Maktaba zilipoukataa mpango huo mwaka 1894, riwaya za juzuu tatu zilitoweka katika miaka michache. Anayeurefusha muswada wake leo ili ufikie namba aliyoisikia anafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba wale walikuwa na mnunuzi aliyewaagiza hivyo.

Liko jambo jingine ambalo washauri wengi hulipita. Namba za Kiingereza haziwezi kuhamishwa kama zilivyo kuja kwenye Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hufunga mengi ndani ya neno moja. "Hatutawasahau" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyo. Programu ya kuandikia huhesabu nafasi kati ya maneno, haihesabu kilichomo. Kwa hiyo maneno 50,000 ya Kiswahili kwa kawaida yamebeba zaidi ya maneno 50,000 ya Kiingereza, na kwa kuwa maneno yetu ni marefu zaidi, yanajaza kurasa nyingi zaidi vilevile. Mwandishi wa Kiswahili anayejilinganisha na wenzake wa lugha nyingine afadhali ajilinganishe kwa kurasa.

Na hata kwa kurasa, fasihi yetu haijawahi kutaka unene. Kezilahabi alichapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, kila moja haifiki kurasa 100, na mpaka leo wanafunzi na walimu wanazichambua kama riwaya. Mwandishi huyohuyo alikuwa ameshachapisha Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, ambayo ni ndefu kuliko hizo mbili kwa mbali. Hakuwa na urefu wake mmoja. Kila hadithi ilipewa nafasi iliyoidai.

Jinsi maneno 45,000 yalivyoingia

Toleo la kwanza lilikuwa na sura 22. La pili lina 38. Sura 16 mpya zilileta maneno yapatayo 30,400, na yaliyobaki, 14,600 hivi, yalimiminwa ndani ya sura za zamani sentensi kwa sentensi. Njia hizi mbili zinaharibu kwa namna tofauti, na hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mwandishi mwenyewe haioni. Tazama tukio lile la mahakamani. Hivi ndivyo lilivyokuwa mwanzo:

"Hakimu aliuliza tena. Mshtakiwa alijibu kwa sauti ya chini, akinitazama mimi, si hakimu. Nikageuka, nikasema: 'Anasema hakumbuki.' Kalamu ya hakimu ikaanza kutembea."

Maneno 22. Baada ya kurefushwa likawa hivi:

"Hakimu, mtu wa makamo mwenye miwani mizito iliyokuwa ikiteleza puani kila mara, alikohoa kidogo, akapangua karatasi zake, kisha akauliza tena swali lilelile alilokuwa ameliuliza hapo awali. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Feni ilizunguka juu taratibu. Mshtakiwa, ambaye alionekana kuchoka sana kutokana na siku nyingi za mahabusu, alijibu kwa sauti ya chini, akinitazama mimi badala ya kumtazama hakimu. Moyo ulinidunda. Nilihisi jasho. Nilijiuliza nifanye nini. Nikakumbuka deni. Nikakumbuka maneno niliyoambiwa usiku ule. Hatimaye nikageuka, nikavuta pumzi ndefu, nikasema: 'Anasema hakumbuki.'"

Maneno 78, na hakuna sentensi iliyo mbovu kisarufi. Lakini angalia kilichopotea. Kalamu ya hakimu imetoweka, nayo ndiyo iliyotuonyesha kwamba uongo umeshaandikwa na haufutiki. Mahali pake pamekuja miwani na feni, vitu ambavyo vingeweza kuwekwa katika chumba chochote. Halafu kuna lile deni. Katika toleo la kwanza msomaji ndiye aliyelikumbuka deni mwenyewe, akajua kwa nini mkalimani amesema vile, akashtuka. Katika la pili msimulizi anatukumbusha, na msomaji hana tena kazi ya kufanya. Kurefusha kwa namna hii humnyang'anya msomaji sehemu yake. Ndiyo maana yule mchapishaji alichoka. Hakuchoshwa na idadi ya kurasa; wasomaji hukesha na vitabu vya kurasa 600. Alichoshwa na kuelezwa asichohitaji kuelezwa.

Kwa sura za zamani, basi, uamuzi ulikuwa mwepesi ingawa kazi yenyewe ilikuwa ndefu. Nilimshauri aache kufuta kutoka toleo la pili, achukue toleo la kwanza kama msingi, kisha asome la pili pembeni akitafuta sentensi za kuokoa. Anayefuta hujadiliana na kila sentensi na huishia kuionea huruma. Anayeokoa anajiuliza tu kama anaihitaji. Katika zile 14,600 alirudisha kama 2,000, nyingi zikiwa za namna gereza linavyonuka na kusikika, maana toleo la kwanza lilipita gerezani haraka mno.

Sura 16 mpya

Hapa kazi ilihitaji utulivu. Nilimwomba aandike orodha ya sura zote 38, na mbele ya kila sura ajibu swali moja: baada ya sura hii kuisha, ni kitu gani hakiwezi tena kurudi kilivyokuwa? Asieleze yaliyotokea, kwa sababu katika kila sura kuna kitu kimetokea. Aeleze kilichobadilika moja kwa moja: mtu amejua jambo, amepoteza jambo, amefunga mlango, ameahidi.

Orodha ilirudi na mapengo. Sura tano za harusi ya mdogo wake msimulizi zilikuwa na pengo zote. Harusi ilipangwa, ikasogezwa mbele, ikafanyika, na mkalimani alitoka humo akiwa na siri ileile, hofu ileile na deni lilelile. Sura tatu za historia ya babu nazo tupu. Mbili za mapenzi ya mfanyakazi mwenzake, tupu. Moja ya safari ya kikazi, tupu. Jumla yake ni sura 11, zenye maneno 20,900.

Sura za harusi zilimuuma, na namwelewa, kwani zimeandikwa vizuri. Kuna ukurasa wa bibi harusi anayekataa kucheka katika picha, nao ni mzuri kuliko kurasa nyingi za riwaya yenyewe. Hata hivyo uzuri wa ukurasa hautoshi kuufanya uwe wa kitabu hiki. Nilimwambia asizitupe. Harusi ile ina swali lake, ina mtu wake, na inaweza kusimama peke yake kama hadithi fupi. Ameshaanza kuitengeneza hivyo.

Lakini orodha ilionyesha kitu kingine, na hiki ndicho kilichonifanya nikatae suluhisho rahisi la kumwambia arudi kwenye 41,000 zake. Sura nne kati ya zile 16 zilikuwa na majibu mazito. Ni sura za mke wa mfungwa. Mwandishi alimwingiza kwa sababu tu alihitaji maneno. Alinikiri hivyo mwenyewe. Katika sura ya kwanza kati ya hizo mwanamke huyu anakuja mahakamani kuomba nakala ya hukumu, na kwa kuwa haijui lugha iliyoandikiwa, anamwomba mkalimani amsomee. Mkalimani analazimika kutafsiri, kwa mdomo wake, neno kwa neno, uongo wake mwenyewe mbele ya mtu aliyeumizwa nao. Na anautafsiri sawasawa.

Katika toleo la kwanza mfungwa alikuwa jina na sauti ya chini. Dhambi ya msimulizi ilikuwa kubwa kwa kuambiwa, na msomaji alikubali tu kwa kuwa mtu kufungwa bila hatia ni jambo baya. Mke alipoingia, dhambi ile ikapata uso, ikaanza kubisha hodi. Kwa hiyo riwaya ya maneno 41,000 kweli ilikuwa fupi mno, ingawa sababu aliyopewa ya ufupi wake haikuwa hiyo. Ilimkosa mtu mmoja ambaye swali kuu haliwezi kuuma bila yeye.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kata, kata, kata. Waandishi wapya wanasikia sana ushauri wa kukata, na kwa anayezungukazunguka unafaa. Wapo wengine wengi ambao huikimbia hadithi yao. Wanafika mahali pagumu, pale wahusika wawili wanapopaswa kutazamana usoni, halafu sura inaisha na inayofuata inaanza "wiki mbili baadaye". Kukata hakumsaidii mtu huyu. Anatakiwa arudi kwenye hizo wiki mbili. Rafiki yetu alikuwa amefanya hivyo mara mbili: alimpeleka mkalimani gerezani bila kutuonyesha wanazungumza nini na mfungwa, na alimaliza rufaa kwa kurasa tatu za muhtasari. Nilimwomba aziandike sura hizo mbili kwa ukamilifu, bila kuangalia kihesabu maneno. Zilitoka na maneno 4,800.

Njia tulizozikataa

Wazo la kugawa muswada wa 86,000 kuwa vitabu viwili lilikuwa lake, na lilikufa mapema. Riwaya hugawanyika vizuri pale ambapo kila sehemu ina swali linalofungwa ndani yake hata kama kubwa zaidi linabaki wazi. Hii ina moja tu. Msomaji wa kitabu cha kwanza angeachwa mlangoni mwa mahakama ya rufaa bila kupewa chochote, na mwandishi asiyejulikana hana dhamana ya kusubiriwa mwaka mzima.

Wazo la kupunguza hadi novela ya maneno 35,000 lilitoka kwangu, na niliuliza ili tu tulione. Lingewezekana kwa kumwondoa mke. Tulipoyaangalia yale yaliyosemwa juu yake, halikuhitaji kujadiliwa.

Kubaki na 86,000 kwa matumaini ya mchapishaji wa tatu kungekuwa na hasara nyingine mbali na uchovu wa msomaji. Mchapishaji anapompokea mwandishi asiyejulikana anaweka fedha zake kwa mtu ambaye hana wasomaji bado. Kila ukurasa ni karatasi, uhariri, usomaji wa prufu. Kitabu kinene cha jina jipya kinamtaka athubutu mara mbili. Waandishi wakishapata wasomaji huruhusiwa kurefuka: kitabu cha kwanza cha Harry Potter, cha mwaka 1997, kina maneno kama 77,000, na cha tano, cha mwaka 2003, kina kama 257,000. Waandishi wapya huniletea kile cha tano kama ushahidi. Mimi huwaonyesha kile cha kwanza.

Namba tuliyofikia

Hesabu ikawa hivi. Msingi wa 41,000, jumlisha 2,000 zilizookolewa, jumlisha sura nne za mke na nyingine moja iliyobaki, nitakayoieleza mwishoni (9,500 kwa pamoja), jumlisha zile 4,800 za gereza na rufaa. Maneno 57,300, sura 29. Imeangukia ndani ya makadirio ya mwanzo, lakini haikufika hapo kwa kulengwa; imefika kwa kuuliza swali lile kwa kila sura.

Kwa anayeanza na hana muswada bado, njia ya kukadiria ni fupi. Andika matukio kama kumi ya mwanzo bila kujibana, kisha tafuta wastani wa tukio lako. Wapo waandishi ambao tukio lao ni maneno 800, wapo wa 2,500. Ni kama urefu wa hatua, kila mtu ana wake, na haubadiliki sana. Wa rafiki yetu ni 1,300. Halafu panga matukio ambayo hadithi haiwezi kwenda bila hayo. Yeye alipoyapanga upya alipata 44. Zidisha: 57,200. Laiti angefanya hesabu hiyo siku alipoambiwa juu ya 80,000, angeona kwamba anatakiwa kubuni matukio mengine 18 ambayo hadithi haiyahitaji, na pengine angeshtuka mapema.

Ukizidisha ukapata 150,000 katika riwaya yako ya kwanza, usiandike kwanza ili ukate baadaye. Rudi kwenye maswali, macho, muda na ulimwengu, uone ni lipi kati ya hayo linaweza kupunguzwa. Kumwondoa msimulizi mmoja kwenye mpango ni kazi ya jioni moja. Kumwondoa kwenye muswada uliokamilika ni kazi ya miezi. Ukipata 20,000, huenda una novela, na novela ni kitu kamili. Au huenda umeruka yale mazungumzo magumu. Na ukiwa unapeleka kazi kwenye shindano au kwa mchapishaji aliyetangaza kiwango chake, soma masharti yao kabla ya hesabu zote hizi, kwa sababu wengine hurudisha muswada kwa namba tu bila kufungua ukurasa wa kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana. Sura ya 19 ni ile sura mpya iliyosalia, na haina jibu katika orodha. Ndani yake mkalimani anashinda nyumbani na kamusi ya marehemu baba yake, anaisoma, anaifunga, basi. Mimi ningeitoa, kwa kuwa sababu ya mkalimani kuipenda kazi yake tumeshaipata katika sura ya tatu. Mwandishi anasema hapo ndipo msomaji anapopumua kati ya gereza na rufaa, na kwamba bila pumziko hilo sura mpya za mwisho zitamwangukia msomaji zote kwa mkupuo. Hoja yake ina uzito kuliko nilivyodhani nilipoisikia mara ya kwanza, kwa sababu zile sura mbili zilipoongezwa ndipo mwisho ulipokuwa mzito. Nimemwambia aiache hadi mhariri wa mchapishaji aione. Kitabu kinakadiriwa kurasa 235, na kwa kuwa karatasi za mtambo hukunjwa kurasa 16 kwa mara moja, kitachapwa kwa 240. Sura ya 19 ni kurasa saba. Ikitolewa zitabaki 228, na bado kitachapwa kwa 240.